Kudai USDT mahakamani: yaliyonikuta Nakuru

Ndugu uliyeuliza kama unaweza kumdai mahakamani binamu yako aliyepokea USDT zako (sarafu ya kidijitali ambayo moja hulengwa kulingana na dola moja ya Marekani) akakataa kuzirudisha, jibu langu ni kwamba unaweza. Nguvu zako, hata hivyo, ziweke kwenye ushahidi kuliko kwenye mjadala wa kama sarafu za kidijitali ni mali.

Mwaka wa 2025 nilimtumia mwenzangu wa biashara USDT 1,200 anunue vipuri vya simu, tukakubaliana kwa WhatsApp kwamba angenirudishia shilingi 155,000. Muda ulipopita akadai kwamba deni hilo halitambuliki kisheria, kwa kuwa Benki Kuu ya Kenya ilitoa onyo kuhusu bitikoini Desemba 2015. Onyo lile lilisema kwamba sarafu hizo si fedha halali nchini. Halikumruhusu mtu kula cha mwenzake.

Nilifungua dai katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 na hutakiwa kuyaamua ndani ya siku 60. Niliandika kwamba ninadai fedha alizopokea na kuzishikilia ilhali ni zangu, kwa sababu dai la aina hiyo limetajwa waziwazi katika sheria ya mahakama hiyo, nami sikutaka kuingia kwa mlango wenye ubishi.

Siku ya kusikilizwa ndiyo iliyonifunza. Nilikuwa nimechapisha mazungumzo yetu saiba, na mashine ikakata ukingo wa kulia wa karatasi. Mwamuzi aliponiomba nisome anwani ya pochi ya kidijitali niliyoitumia USDT, ile ya herufi na tarakimu 34 inayoanza na T, karatasi yangu ilikuwa na 30 tu. Nilisimama pale jasho likinitoka, kwa maana bila zile nne za mwisho hakuna aliyeweza kusema kwamba pochi ile ni ya mdaiwa. Kwa bahati nilikuwa na simu yenyewe, nikaruhusiwa kuonyesha ujumbe ambao yeye mwenyewe alinitumia anwani hiyo. Niliambatisha pia cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoeleza kifaa kilichotumika na jinsi nakala zilivyotolewa. Mahakama hiyo haifungwi kikamilifu na kanuni za ushahidi, lakini cheti kilimnyima mdaiwa nafasi ya kudai kwamba nimezitunga.

Kuhusu mali, mahakama ya Uingereza ilikubali mwaka wa 2019 kwamba bitikoini ni mali, ya New Zealand ikafuata mwaka wa 2020 katika kesi ya Cryptopia, soko la sarafu za kidijitali lililofilisika, na Desemba 2025 Uingereza ikapitisha sheria kamili. Maamuzi hayo yanaweza kushawishi mahakama zetu ingawa hayazifungi. Sheria yetu ya mwaka wa 2025 inahusu hasa kampuni zinazotoa huduma za sarafu hizi, ambazo sasa zinahitaji leseni. Itakufaa zaidi sarafu zako zikikwama kwa kampuni kuliko kwa binamu.

Mwamuzi alinipa shilingi 155,000 kwa sababu kiasi hicho kilikuwa kimeandikwa. Kama ninyi hamkutaja kiasi, tafuta bei ya siku uliyotuma. Na kabla hujamwandikia tena, nakili namba ya muamala na anwani zote mbili bila kupunguza herufi, uziweke mahali pawili, na simu hiyo usiiuze wala kuifuta hadi hukumu itoke.