Wamemalizana na mdogo wako, hawajamalizana na klabu yake

SWALI: Mdogo wangu ana miaka 22, ni kiungo wa klabu ya Ligi Kuu, na mkataba wake wa miaka mitatu umebakiza miezi kumi na minane. Klabu kubwa ya Dar es Salaam imekutana naye hotelini mara mbili na kumpa fedha za kianzio. Wakala aliyewakutanisha anasema tukirudisha fedha za usajili pamoja na mishahara ya miezi mitatu, atakuwa mchezaji huru. Je, ni kweli? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Si kweli. Hesabu hiyo nimeisikia mara nyingi kiasi kwamba sasa naweza kuimalizia kabla mteja hajaketi, na bado sijaonyeshwa kanuni inayosema kwamba mchezaji hununua uhuru wake kwa kurejesha alichopokea. Kiungo Feisal Salum alipita njia inayofanana na hiyo Desemba 2022, alipoiwekea Yanga shilingi milioni 112 na kuaga. Januari 2023 kamati ya sheria na hadhi za wachezaji ya shirikisho la soka nchini, TFF, iliamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga, na suala lake halikuisha mpaka klabu zilipokaa na kuuziana, naye akatua Azam Juni mwaka huo.

Najua kuna atakayenitajia Bernard Morrison, aliyehamia Simba mwaka 2020 na kuishinda Yanga hadi katika mahakama ya usuluhishi wa michezo, CAS. Lakini pale ubishi ulikuwa juu ya uhalali wa mkataba mpya ambao Yanga ilidai kuwa nao. Mkataba wa mdogo wako haubishaniwi na mtu.

Linalonikera zaidi ni neno lile linalotajwa kila dirisha la usajili linapokaribia, kwamba klabu fulani “imemalizana” na mchezaji. Kumalizana na mchezaji kabla ya kuzungumza na klabu yake ni mbinu ya kushusha bei. Mchezaji akishaahidiwa mshahara mnono huanza kununa, hukosa mazoezi, kisha huandika barua, na klabu yake hubaki kama muuza embe zilizoiva mbele ya mteja wa saa kumi na mbili jioni. Mnunuzi hapo hujitokeza na dau dogo, tena la kulipwa kwa awamu. Bei ikishindikana, yeye huhamia kwa kiungo mwingine aliyekwisha kumwandaa kwa namna hiyohiyo, ilhali mchezaji wetu anarudi kwa kocha aliyemkasirikia, mbele ya mashabiki waliokwisha kumwita msaliti.

Kifungu cha 18 cha kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji, ambacho hutumika pia ndani ya nchi, kinaitaka klabu inayomtaka mchezaji mwenye mkataba iitaarifu klabu yake kwa maandishi kabla ya kuanza mazungumzo naye. Mchezaji anaruhusiwa kusaini kwingine pale tu mkataba wake unapokuwa umekwisha au umebakiza miezi isiyozidi sita. Wakubwa pia huumbuka kwa hili: Juni 2017 Liverpool iliiomba radhi Southampton hadharani kuhusu beki wake Virgil van Dijk, na ilipompata Januari 2018 ililipa pauni milioni 75.

Kuhusu gharama, kifungu cha 17 kinazungumzia fidia, na fidia hailingani na fedha za usajili. Kiungo Mbrazili Matuzalem aliondoka Shakhtar Donetsk ya Ukraine mwaka 2007 akiwa amekwisha kuvuka kipindi cha ulinzi wa mkataba, yaani muda wa mwanzo ambao kuuvunja huleta adhabu juu ya fidia, na bado mwaka 2009 CAS iliamua Shakhtar ilipwe zaidi ya euro milioni 11.8. Mdogo wako hajafika hata huko. Kwa aliyesaini kabla ya kutimiza miaka 28, kipindi hicho ni misimu mitatu au miaka mitatu, na anayevunja mkataba ndani yake bila sababu ya haki anakabiliwa na kufungiwa miezi minne. Wala asijifariji kwamba klabu mpya italipa kwa niaba yake. Baada ya hukumu ya Mahakama ya Umoja wa Ulaya katika shauri la mchezaji Lassana Diarra, Oktoba 2024, FIFA ilibadili kanuni hiyo, na sasa klabu mpya haibebi deni pamoja na mchezaji mpaka ithibitike kwamba ilimshawishi. Vikao vya hotelini havina muhtasari, utavithibitishaje?

Huyo anayewaongoza mwombeni leseni ya uwakala ya FIFA, ambayo tangu mwaka 2023 hupatikana kwa kufaulu mtihani. Wengi wa aina yake ni madalali wanaolipwa siku mchezaji anaposaini, kwa hiyo miezi minne ya kufungiwa haiwahusu. Wanaharibu vijana wengi kuliko majeraha ya goti.

Rudisheni kianzio kupitia benki, muitunze stakabadhi, na mdogo wako aendelee na mazoezi kama kawaida. Klabu inayomtaka iandike barua kwa klabu yake na kutaja bei. Ikikataa kuandika, asubiri miezi kumi na miwili, ndipo asaini anakotaka bila kumlipa mtu.