Kuhusu Msuva na kikosi cha Novemba 2024

Mkuu, umeuliza kwa nini Novemba 2024 kocha wa Taifa Stars, Hemed Suleiman "Morocco", alimwita mshambuliaji Simon Msuva, aliyekuwa akicheza Iraki, wakati ligi yetu ina washambuliaji kibao. Nitakujibu kwa jinsi ninavyoona mimi.

Kumbuka hali yetu kwenye kufuzu AFCON 2025, Kombe la Mataifa ya Afrika. Oktoba tulifungwa na DR Congo nje ndani, 1-0 kule Kinshasa kisha 2-0 kwenye Uwanja wa Mkapa, Dar. Dakika 180 bila bao! Tulikuwa na pointi 4 katika mechi nne, na zimebaki mbili tu: Ethiopia tarehe 16 Novemba, Guinea tarehe 19. Kati ya mechi na mechi kuna siku tatu, na humo humo mna safari ya kutoka Kinshasa, maana Ethiopia walichezea huko mechi yao ya nyumbani. Muda wa kumfundisha mgeni mfumo unaupata wapi? Hapo unamwita mtu anayejua kukimbilia nyuma ya beki bila kuelekezwa.

Nakubaliana nawe kwamba fomu ya ligi ina uzito, na kijana anayefunga kila wiki akiachwa inauma. Lakini Msuva alifunga dhidi ya Ethiopia, tukashinda 2-0 (bao lingine la kiungo Feisal Salum). Guinea walikuja Dar na pointi 9, sisi 7, sare ingewatosha. Msuva akafunga tena, 1-0, tukaenda AFCON.

Siku ile nililia uwanjani, ndugu yangu.