Maana ya "mundane"
Ndugu yangu, umeuliza kama neno la Kiingereza "mundane", ulilolikuta katika maelezo ya kazi ya ofisini hapa Mwanza, ni la kudharau. Si la kudharau, ingawa si sifa pia. Asili yake ni neno la Kilatini mundus, yaani dunia, na lilipoingia katika Kiingereza kupitia Kifaransa lilihusu mambo ya kidunia yakilinganishwa na ya mbinguni. Maana hiyo ingalipo katika maandishi ya dini, na hapo neno letu malimwengu hulikaribia sana. Siku hizi, hata hivyo, wengi hulitumia kwa jambo la kila siku lisilosisimua: mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, ambaye kila alfajiri huandika daftarini idadi ya magunia, anaweza kuiita kazi hiyo ya kuandika "mundane" bila kumaanisha kwamba haina faida. Hapo ndipo linapotofautiana na "ordinary", ambalo husema tu kwamba kitu ni cha kawaida, ilhali "mundane" huongeza dokezo la kuchosha, na kwa sababu hiyo ningekusihi usilitumie kuielezea kazi ya mwenzako mbele yake. Katika kutafsiri, "kazi za kila siku zisizosisimua" inafaa kuliko "kazi duni", kwa kuwa duni huhukumu ubora au hadhi, jambo ambalo neno hili halilengi.