Re: Wiki mbili za Agosti kwa shangazi Kyoto, zinatosha?

Salaam ndugu. Umeuliza kama wiki mbili za Agosti kwa shangazi yako Kyoto zinatosha kuonja utamaduni wa Wajapani. Zinatosha, ila kwanza angalia tarehe: Obon, sikukuu ya Wajapani ya kuwakumbuka wahenga, huwa katikati ya Agosti na treni hufurika, kata tiketi mapema. Tarehe 16 usitoke Kyoto. Usiku mioto huwashwa kwenye milima mitano kuziaga roho za wahenga. Mimi nilienda na yukata, vazi jepesi la Kijapani la kiangazi, ya kuazima kwa binamu. Bibi mmoja akanisimamisha njiani, akanifunga upya: upande wa kushoto wa vazi uwe juu, wa kulia juu ni kwa maiti! Joto la Kyoto ni kama la Dar ya Februari, bila upepo wa bahari. Ya viza waulize ubalozini.