Jibu: Uanachama wa maili ukiwa Berlin

Ndugu, umesema unaishi Berlin, unakwenda Dar mara moja kwa mwaka na unauliza ujiunge na mpango upi wa kukusanya maili, yaani pointi ambazo mashirika ya ndege humpa abiria: Flying Blue au Miles & More ya Lufthansa. Kwa njia yako ningechukua Flying Blue, ya Air France na KLM, kwa sababu KLM inafika Dar kupitia Amsterdam. Angekuwa mtu wa Bujumbura au Kinshasa ningemwambia Miles & More bila kusita, maana Brussels Airlines imo humo.

Ila usijidanganye na Silver, daraja la kwanza juu ya uanachama wa kawaida wa Flying Blue. Linahitaji XP 100 ndani ya mwaka; XP ni pointi za kupanda daraja, tofauti na maili. Ukikaa viti vya kawaida, Berlin–Amsterdam ni 5, Amsterdam–Dar ni 10. Kwenda na kurudi: 30. Hapo hata nusu hujafika! Kwa hiyo wewe ni mtu wa kukusanya maili tu, na maili zenyewe zinahesabiwa kwa euro ulizolipa, si kwa umbali: mwanachama wa kawaida hupata 4 kwa kila euro.

Angalia pia muda. Flying Blue maili hufa baada ya miezi 24 usiposafiri, lakini safari yako ya kila mwaka inazihuisha. Mimi niliwahi kuzipoteza zote kwenye shirika jingine kwa kusahau tarehe (mke wangu bado ananicheka).

Na tiketi ya kupitia Istanbul, kwa shirika jingine, ikiwa na bei ya chini kuliko ya KLM kwa tofauti ya euro 200, panda hiyo. Maili hazifiki thamani hiyo.