Spana boi, galoni si kipimo cha oili

Gereji ikipokea vijana wapya, hazipiti siku nyingi utakuta galoni la lita 4 limepinduliwa kichwa chini kwenye tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini, penye tundu la oili) ya Toyota IST, likigugumia hadi tone la mwisho, na kijana mwenyewe kaenda kutafuta chai. Dipstiki, ule ufito wa kupimia oili, haijaguswa. Ukimuuliza amejuaje kama inatosha, anakujibu bila wasiwasi: si galoni limeisha, kaka?

Haya, wadogo zetu, sogeeni.

1. Gari lisimame mahali tambarare. Si tairi moja juu ya ukingo wa mtaro kama mnavyopenda kuegesha. Injini ipate moto wake wa kawaida, kisha izimwe dakika tano hadi kumi. Ukipima mara tu baada ya kuzima, oili nyingi bado iko juu kwenye silinda hedi. Dipstiki itakuonyesha imepungua, nawe utaongeza isiyohitajika. Chomoa, futa kwa tambara safi, rudisha mpaka mwisho, chomoa tena, soma pande zote mbili. Upande mmoja ukisema juu na mwingine chini, amini wa chini, kwa sababu ule wa juu umepakwa oili iliyoganda kwenye mrija.

Ikiwa kati ya L (alama ya chini) na F (alama ya juu), funga boneti, ndipo uende kwenye hiyo chai. Kwa magari mengi madogo, kutoka alama ya chini hadi ya juu ni takriban lita moja. Kwa hiyo ikiwa katikati, inayokosekana ni nusu lita. Ukitaka kuongeza, mimina robo lita, subiri dakika mbili tatu ishuke, pima. Ikibaki kidogo tu kugusa F, acha hapo hapo.

2. Jueni dipstiki ipi ni ya nini. Toyota nyingi za otomatiki za zamani zina mbili, ya injini na ya gia boksi. Ya gia boksi huwa na oili nyekundu, nyembamba, na hupimwa injini ikiwa inaunguruma. Na oili ya injini haimiminwi kwenye tundu la dipstiki lolote, hata kama faneli yako inaingia. Ukishaikosea ukaitia kwenye gia boksi, usiwashe gari. Mwaga yote, weka inayostahili. Kama umeshawasha, mpigie mwenye gereji kabla hajapigiwa na mwenye gari.

3. Kuzidisha. Hapa tutakaa, maana lawama ni yetu sisi tuliowatangulia. Tumepima sevisi kwa galoni miaka yote kwa sababu galoni ndilo linalouzwa dukani, mteja ameshalilipia, na likibaki na oili anahisi fundi anataka kulificha. Basi tukawa tunamwaga lote, na mlipouliza tukawaambia iliyozidi haidhuru. Tuliwadanganya.

Chukueni 1NZ-FE, injini iliyomo kwenye IST, Probox na Spacio nyingi mnazozishika kila siku. Ukibadilisha oili pamoja na filta, inameza lita 3.7. Bila filta, 3.4. Galoni la lita 4 linazidisha mililita 300 ukiwa umebadilisha filta, na 600 ukiwa umeiruka. Mililita 300 peke yake injini mara nyingi huvumilia. Ila oili ya zamani haikutoka yote kwa sababu ulimwaga injini ikiwa baridi. Wiki ijayo dereva anasimama sheli, kijana wa pampu anapima injini ikiwa imezimwa sasa hivi, anaona imeshuka, anauza nusu lita. Sasa mko lita nzima juu ya F, na kila mmoja alitia kidogo tu.

Oili ikipanda kiasi hicho inafika kwenye krankishafti, shafti inayozungushwa na pistoni. Vizito vya krankishafti vinaipiga kama mchapo unavyopiga mayai, inajaa mapovu. Pampu ya oili inanyonya mapovu badala ya oili, na mapovu yanabinyika, kwa hiyo presha inashuka. Tenshena (kikaza) ya cheni na VVT-i, mfumo unaopanga muda wa vali kufunguka, vyote vinategemea presha hiyo, ndiyo maana unasikia cheni ikigonga kwenye injini yenye oili tele. Wakati huohuo oili inasukumwa kupitia vali ya PCV, inayorudisha mvuke wa injini, hadi kwenye njia ya hewa, inaungua, ekzosi inatoa moshi wa bluu, plagi zinachafuka. Inayobaki inatafuta sili dhaifu; sili ya nyuma ya krankishafti ikikubali, kwenye gari la gia za mkono klachi nayo inalowa.

Na sehemu ya kuona haya ni hii: gari hilohilo likirudi, wangapi wetu tumeinama kwenye ekzosi, tukanusa, tukatangaza ringi za pistoni zimekufa? Mteja akashushiwa injini, akanunua nyingine ya mtumba, wakati dawa ilikuwa kupunguza lita moja. Moshi wa bluu ukija baada ya sevisi, kitu cha kwanza kushika ni dipstiki.

Kupunguza ni rahisi. Tafuta bomba la sindano la mililita 50, lile la mifugo, na mpira mwembamba unaopita kwenye mrija wa dipstiki. Vuta mara sita, umetoa mililita 300. Mpira usiwe mkavu wa kukatika, kipande kitabaki ndani ya sampu, bakuli la oili chini ya injini. Au legeza nati ya kumwagia, na ukiifunga weka washa mpya, ile pete ya kuzuia kuvuja.

Kwa dizeli msithubutu kabisa kuzidisha. Injini ya dizeli inaweza kuanza kuchoma oili yake yenyewe, ikapanda mizunguko, na ukizima swichi haizimi, kwa kuwa haitegemei tena mafuta ya kwenye tangi. Gari la gia za mkono: kanyaga breki kwa nguvu, weka gia ya juu, achia klachi injini ife. Vinginevyo ziba njia ya hewa kwa ubao. Kamwe usizibe kwa kiganja.

4. Namba ya oili, yaani ya uzito wake, ni ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Toyota Aqua hutumia 0W-20. Msiipe 20W-50 kwa hoja ya kwamba Dar kuna joto. Ukikwama njiani, oili ya madini na oili ya sintetiki zinachanganyika, na ni afadhali kuliko kuendesha ikiwa chini ya L. Kwenye API, alama ya ubora iliyoandikwa kwenye galoni, herufi S ni ya petroli, C ya dizeli.

5. Taa nyekundu ya birika kwenye dashibodi ni ya presha ya oili. Ikiwaka gari likitembea, pembeni, zima. Si "tufike sheli ya mbele." Hapo mbele ndipo injini zinaponoki.

6. Oili inayopanda yenyewe msiichekelee. Ikinuka petroli, mafuta yanashuka kwenye sampu. Ikiwa rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na mshukiwa wa kwanza ni gasketi ya silinda hedi. Gari hilo lisiwashwe. Povu jeupe dogo chini ya mfuniko tu, kwenye gari la safari fupi za asubuhi huko Njombe, mara nyingi ni unyevu. Angalieni dipstiki na maji ya rejeta kabla ya kumtisha mtu.

7. Kabla ya kufunga boneti hesabu: mfuniko, dipstiki, faneli, tambara. Mfuniko hupenda kusahaulika juu ya betri, na bila mfuniko oili hurukia manifodi ya ekzosi, moshi, na siku mbaya, moto. Tambara likidondokea kwenye mkanda, kazi nyingine. Washa, hakikisha taa imezimika, chungulia chini, zima, subiri, pima tena.

Andika kwenye kadi ya sevisi kilomita na kiasi ulichoongeza. Gari likila lita moja kila kilomita 1,000, tafuta chanzo: moshi wa bluu wakati wa kuwasha asubuhi, anza na vali sili, ukitoka dereva akikanyaga mafuta, ringi, bila moshi, lala chini utafute uvujaji. Na zile mililita 300 zilizobaki kwenye galoni, zifunge vizuri, weka kwenye buti, mwonyeshe mwenye gari kwamba hizo ndizo za kuongezea.