Barua kwa mwanangu: watoto na matunzo baada ya talaka

Mwanangu mpendwa,

Unaniuliza kama mumeo anaweza kupewa watoto kwa sababu tu nyumba ni yake na mshahara wake unauzidi wako. Miaka yote niliyokuwa afisa ustawi wa jamii niliandika taarifa ambazo mahakimu walizisoma kabla ya kuamua mashauri kama hayo, kwa hiyo nakujibu kwa ninayoyajua: hapana, kwa sababu hiyo peke yake hapewi.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inaitaka mahakama itangulize ustawi wa mtoto, kisha ndipo itazame matakwa ya wazazi, maoni ya mtoto aliyefikia umri wa kujisemea, na mila za jamii yenu. Mtoto wa chini ya miaka 7 hudhaniwa kuwa ni heri akae na mama yake, ingawa dhana hiyo yaweza kupingwa kwa ushahidi, na mahakama huangalia pia ubaya wa kumhamishahamisha mtoto. Mwanao mdogo ana miaka 4. Kaka yake wa miaka 9 haguswi na dhana hiyo, lakini Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inahimiza ndugu walelewe pamoja, na huenda naye akaulizwa maoni yake. Nakusihi usimfundishe la kusema. Mtoto anayekariri maneno ya mkubwa hutambulika mara moja, na anayeumia ni yeye.

Afisa atakapokuja nyumbani, atataka kujua nani huwaamsha, nani huwapeleka zahanati wakiugua, wanalala wapi, na nani hubaki nao uwapo kazini. Orodha ya makosa ya mumeo uliyoniandikia, hata kama yote ni kweli, haijibu hata swali moja kati ya hayo, isipokuwa yale yaliyowagusa watoto wenyewe.

Kuhusu matunzo, hakuna kiwango kimoja kilichopangwa kwa watu wote. Baba ana wajibu wa kuwapatia watoto makazi, mavazi, chakula na elimu kwa kadiri ya uwezo wake, hata wakiwa wanaishi kwako. Hakimu hupima kipato na mali za wazazi wote wawili, watoto wengine wanaowategemea, na gharama za maisha mahali mtoto anapoishi. Ndiyo maana nakuomba utunze risiti za sare, dawa na kodi ya nyumba. Amri ya matunzo kwa kawaida hukoma mtoto anapotimiza miaka 18, na hali ikibadilika, kwa mfano mmoja wenu akipoteza kazi, yeyote kati yenu anaweza kuomba ibadilishwe.

Akichelewesha fedha, rudi mahakamani ukaombe amri ikaziwe, yaani alazimishwe kuitekeleza, wala usimzuie kuwaona watoto. Kumtembelea baba yao na kukaa naye ni haki ya watoto wenyewe, na nimewaona akina mama wenye madai ya haki wakijidhoofisha kwa kufunga mlango.

Kabla ya yote hayo, kwa kawaida shauri la talaka halifunguliwi mpaka bodi ya usuluhishi wa ndoa ithibitishe kuwa imeshindwa kuwapatanisha. Njoo Jumamosi na vyeti vya kuzaliwa vya watoto na cheti cha ndoa, tuvipange pamoja.

Mama yako